Konstantinopoli na Merikebu Zisizofika

Mfalme Herekali anayetajwa katika Utendi wa Tambuka, ule utendi mrefu uliotungwa Pate na Bwana Mwengo wa Athumani na ambao nakala yake ya kale ina tarehe ya mwaka 1728, hakuwa mfalme wa kubuniwa na watunzi. Alikuwa kaisari wa Warumi wa Mashariki tangu mwaka 610 hata mwaka 641, na kiti chake cha enzi kilikuwa katika mji wa Konstantinopoli, ambao watu wa pwani baadaye waliujua kwa jina la Stambuli. Kwa hiyo sifa za dola ile hazikuwa ngeni masikioni mwa wazee wetu. Lakini habari za mwisho wake, yaani jinsi mji uliodumu zaidi ya karne kumi na moja ulivyotwaliwa alfajiri moja ya mwezi wa Mei mwaka 1453, kwetu hazisimuliwi ila kwa uchache, nami naona zastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake mna ushujaa wa pande zote mbili, tena mna jambo lililo zito kuliko ushujaa, nalo ni habari ya msaada ulioahidiwa kisha usifike.

Mji huo uliasisiwa mwaka 330 na Kaisari Konstantinos wa Kwanza juu ya rasi yenye pembe tatu, mahali Ulaya na Asia zinapotazamana. Kusini yake ni bahari ya Marmara. Kaskazini ni hori refu lenye kina, liitwalo Pembe ya Dhahabu. Na mashariki ni mlango wa bahari wa Bosporus, uingizao merikebu katika Bahari Nyeusi. Basi adui atokaye barani hakuwa na njia ila upande wa magharibi, na upande huo, tangu mwaka 413, katika enzi ya Theodosius wa Pili, ulizibwa kwa kuta ambazo dunia ya zama zile haikuwa na mfano wake: kwanza handaki pana, kisha ukuta wa nje, kisha ukuta wa ndani uliokwenda juu kadiri ya mita 12 na kusimamiwa na minara 96, wote ukienea kutoka bahari hata hori mwendo wa karibu kilomita 6. Majeshi ya Waarabu yalifika chini ya kuta hizo katika karne ya saba, na tena katika karne ya nane, yakarudi bila ya kuingia. Na katika misafara ya mwanzo alifariki huko Abu Ayyub al-Ansari, yule Sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake alipohamia Madina, akazikwa nje ya mji. Tangu hapo, kuufungua mji ule kukawa ni matumaini makubwa katika nyoyo za Waislamu, kizazi baada ya kizazi.

Walakini waliouvunja mara ya kwanza walikuwa Wakristo. Mwaka 1204 majeshi ya Msalaba, yaliyotoka Ulaya ya magharibi kwa nia ya kwenda kupigana na Waislamu, yalipanda merikebu za Venezia, yakageuzwa njiani kwa madeni na kwa tamaa, yakaingia Konstantinopoli kwa nguvu na kuupora mji wa ndugu zao wa dini. Wale farasi wanne wa shaba waliowekwa mbele ya kanisa la Mtakatifu Marko huko Venezia walichukuliwa katika nyara za siku zile. Wayunani, yaani wale Warumi wa Mashariki, waliurudisha mji wao mwaka 1261, ila walirudishiwa gamba tu. Biashara ilikwisha kuhamia ng'ambo ya hori, katika kitongoji cha Galata kilichokuwa mikononi mwa watu wa Genova, hata katikati ya karne ya 14 forodha ya Galata ikawa inaingiza sarafu 200,000 kwa mwaka, na forodha ya mji wa kaisari mwenyewe 30,000. Mwaka 1343 vito vya taji viliwekwa rehani Venezia ili kupata mkopo, wala havikukombolewa kamwe. Na kaisari aliyetawazwa mwaka 1347 alivaa taji lililopambwa kwa vipande vya gilasi. Mimi kila nikilifikiri taji lile naona kwamba mji ulianza kuanguka siku ile, miaka mia na zaidi kabla ya mzinga wa kwanza kulia.

Nao Waturuki wa ukoo wa Uthmani walikuwa wakikua kwa kadiri ile ile ambayo Warumi walikuwa wakipungua. Walivuka kuingia Ulaya katikati ya karne ya 14, wakaufanya Edirne kuwa makao yao, wakauzunguka mji wa kaisari pande zote, hata dola iliyokuwa zamani ikitawala kutoka Misri hadi Italia ikabaki na mji mmoja, na vitongoji vichache, na sehemu ya nchi ya Morea huko kusini ya Uyunani. Ndani ya kuta walibaki watu wapatao 50,000, na baina ya mtaa na mtaa palikuwa na makonde, na mizabibu, na magofu ya majumba.

Mwaka 1451 Sultani Murad wa Pili alifariki, akatawala mwanawe Mehmed, kijana wa karibu miaka 19. Makasri ya Ulaya yalimdharau kwa ujana wake, na kwa kuwa alipata kuwekwa utawalani utotoni kisha baba yake akalazimika kurudi kushika hatamu. Dharau hiyo ilikuwa kosa kubwa. Mehmed alikuwa msomi, mwenye kujua lugha kadha wa kadha, msiri asiyemwambia mtu yaliyomo moyoni mwake, tena mwenye subira ya kupanga kila jambo kabla ya kulianza. Mwaka 1452, kwa muda wa miezi minne hivi, alijenga ngome ya Rumeli Hisarı penye wembamba wa Bosporus, ikikabiliana na ile aliyoijenga babu wa baba yake, Bayezid, upande wa Asia, akatangaza kuwa hapana chombo kitakachopita bila ya kusimama. Mwezi wa Novemba merikebu moja ya Venezia ilijaribu kupita, ikapigwa kwa tufe la jiwe ikazama, na nahodha wake akauawa kikatili. Tangu siku hiyo nafaka ya Bahari Nyeusi haikuwa na njia.

Hapo ndipo anapoingia katika tarikhi mtu aitwaye Urban, Mhungari, fundi wa kusubu mizinga. Huyu alikwenda kwanza kwa kaisari, si kwa Sultani. Kaisari wa wakati huo, Konstantinos wa Kumi na Moja wa ukoo wa Palaiologos, mtu mwema, mkweli, ambaye hapana mwandishi wa zama zake aliyemtia ila ya woga, alimpokea na kumwekea ujira. Lakini ujira ulikuwa haba, na huo uhaba wenyewe haukulipwa kwa wakati, hata fundi akaona njaa, akaondoka akaenda zake Edirne. Sultani alimwuliza kama aweza kusubu mzinga wa kubomoa kuta za Konstantinopoli. Akajibu kwamba aweza kubomoa hata kuta za Babeli. Akapewa ujira ambao robo yake tu ingalitosha kumweka mjini, na kila alichokihitaji katika shaba na baruti na watu. Mzinga uliotoka katika kalibu yake ulikuwa na urefu wa karibu mita 8, na tufe lake la jiwe lilipita kilo 500. Kuuvuta kutoka Edirne kulihitaji maksai 60, na watu 200 wa kuutegemeza usipinduke, na mafundi wa kutangulia mbele kusawazisha njia na kuimarisha madaraja. Na masafa ambayo mpanda farasi huyamaliza kwa siku chache yalichukua kadiri ya miezi miwili. Sina shaka kwamba katika hesabu zote za vita vile hapana hasara iliyokuwa kubwa kuliko ule ujira usiolipwa.

Kaisari naye alikuwa akiandika nyaraka. Aliandika Roma, akaandika Venezia, akaandika Genova, na kwa wafalme wengine wa magharibi. Jawabu ya Roma ilikuwa na sharti: makanisa mawili, la Mashariki na la Magharibi, yaungane chini ya Papa, kama ilivyokwisha kuafikiwa kwa maandishi katika mkutano wa Florence mwaka 1439. Konstantinos alikubali, na tarehe 12 Desemba 1452 muungano ulitangazwa ndani ya kanisa kuu la Hagia Sophia mbele ya mjumbe wa Papa, Kardinali Isidore, aliyekuja na askari 200. Wengi katika raia hawakuridhia, wakaacha kwenda kusali humo, wakiona kwamba wamelazimishwa kuiuza dini yao kwa msaada. Nao walikuwa hawajasahau mwaka 1204. Basi kaisari akapoteza nyoyo za watu wake kwa ajili ya merikebu, na merikebu zenyewe hazikuja. Venezia walishauriana, wakaahirisha, wakashauriana tena.

Si haki, hata hivyo, kusema kwamba magharibi yote ililala. Tarehe 29 Januari 1453 aliwasili Giovanni Giustiniani, mtu wa Genova, hodari wa kulinda ngome, na askari 700 aliowakusanya kwa mali yake, akapewa amri ya ukuta wote wa bara. Wavenezia wenye kukaa mjini waliapa kusimama na kaisari. Lakini usiku wa tarehe 26 Februari merikebu saba za Kitaliani zilitweka tanga kwa siri zikatoroka na watu 700 ndani yake. Mwishoni mwa Machi kaisari alimwamuru katibu na rafiki yake, George Sphrantzes, ahesabu wanaume wote wawezao kushika silaha, hata mapadri. Sphrantzes alirudi na hesabu ya Wayunani wasiotimia 5,000, na wageni wapatao 2,000. Konstantinos alimwomba aifiche hesabu ile, asiambiwe mtu.

Tarehe 6 Aprili Sultani aliuhusuru mji kwa jeshi ambalo wengi hulikadiria kuwa la watu wapatao 80,000, na mizinga ikaanza kunguruma. Mzinga mkubwa uliweza kupiga mara saba tu kwa siku, kwa kuwa ulihitaji kupoa, bali kila pigo liliangusha sehemu ya ukuta uliokuwa umehimili miaka elfu. Na kila usiku wanaume na wanawake wa mji walitoka na magogo, na mapipa ya udongo, na ngozi, na matita ya vijiti, wakaziba palipobomoka kabla ya mapambazuko. Kazi hiyo haikusimama usiku hata mmoja. Waturuki walipochimba mashimo chini ya ardhi ili kuutia ukuta baruti, mhandisi mmoja aitwaye Johannes Grant alichimba mashimo ya kukutana nayo, wakapigana gizani kwa visu na kwa moto.

Baharini mji ulitegemea mnyororo mkubwa wa chuma uliofungwa kutoka ukuta wake hadi Galata, ukiziba kinywa cha hori. Tarehe 20 Aprili merikebu tatu za Genova na moja ya kaisari iliyosheheni nafaka zilikuja kutoka kusini zikapenya katikati ya vyombo vya Waturuki kwa mapigano ya mchana kutwa, na Sultani mwenyewe, akiyatazama kutoka ufukoni, alimwingiza farasi wake majini kwa hasira, akipaza sauti kuwaamuru mabaharia wake. Merikebu zile ziliingia salama. Watu wa mji walipiga kengele, wakidhani kwamba hizo ndizo za kwanza na nyingine zinafuata. Zilikuwa za mwisho.

Sultani hakukaa na ghadhabu yake bure. Siku mbili baadaye, tarehe 22 Aprili, walinzi waliokuwa juu ya ukuta wa hori waliona jambo ambalo macho yao yalilikataa: merikebu zinashuka kutoka mlimani. Mehmed alikuwa amefanya njia ya magogo yaliyopakwa shahamu, ikipita nyuma ya Galata kutoka Bosporus hata Pembe ya Dhahabu, na vyombo vipatavyo 70 vikavutwa na maksai na watu juu ya kilima, baadhi yavyo tanga zikiwa zimekunjuliwa na makasia yakipiga hewa, vikashushwa ndani ya hori nyuma ya mnyororo. Tangu siku ile ukuta wa hori nao ulitaka walinzi, na walinzi hawakuwako ila kwa kuwaondoa penye ukuta wa bara. Wavenezia walijaribu kuviteketeza usiku wa tarehe 28, ila siri ilikuwa imekwisha kuvuja, wakapigwa, na wengi katika wao wakaangamia.

Habari nitakayoieleza sasa ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Imehifadhiwa na Nicolò Barbaro, tabibu wa merikebu za Venezia, aliyekuwa mjini siku zote za vita akiandika kila lililotokea. Tarehe 3 Mei kaisari alichagua jahazi jepesi lenye mabaharia 12 waliojitolea, wakavaa mavazi ya Kituruki, wakapandisha bendera ya Kituruki, wakafunguliwa mnyororo usiku, wakapita katikati ya adui bila ya kujulikana. Agizo lao lilikuwa moja: watafute katika bahari ya Aegea merikebu za Venezia, ambazo kila mtu aliamini zimo njiani, wazihimize. Walipita baina ya visiwa siku baada ya siku, wakiuliza na kutazama upeo wa bahari, wasione tanga wala kupata habari. Ilipowadhihirikia kwamba hapana kitu, walifanya shauri juu ya sitaha. Mmoja alisema kwamba wametimiza wajibu wao, na mji huenda umekwisha kutwaliwa, na kurudi ni kujitia katika mauti au utumwani, basi heri waende nchi nyingine ya Kikristo. Wenzake walimjibu kwamba kaisari ndiye aliyewatuma, naye anangoja jawabu. Ikiwa mji umetwaliwa au haukutwaliwa, ikiwa mbele yao ni uhai au kifo, njia yao ni kurudi.

Wakarudi. Tarehe 23 Mei jahazi lilionekana likifukuzwa na vyombo vya Waturuki, mnyororo ukafunguliwa, wakaingia, wakapanda kwa kaisari na kumwambia kwamba hawakuona merikebu hata moja. Konstantinos aliwashukuru mmoja mmoja, akilia. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa Wakristo wote wamekataa kumsaidia, anaukabidhi mji kwa Mwenyezi Mungu na kwa watakatifu wake. Wapo walioandika vitabu vikubwa kuhusu majemadari wa vita vile, na wameandika kwa haki. Lakini mimi sijui tendo lililo na heshima kubwa kuliko la watu wale, ambao bahari yote ilikuwa wazi mbele yao, wakageuza usukani kuelekea mji uliokuwa ukifa ili mtu mmoja asibaki akingoja bure.

Katika kambi ya Sultani nako mambo hayakuwa mepesi. Majuma saba yalikuwa yamepita, askari wamechoka, na waziri mkuu, Çandarlı Halil Pasha, mzee ambaye tangu mwanzo hakupenda vita vile, alishauri mji uachwe kwa suluhu ya kodi kabla magharibi haijaamka. Zaganos Pasha alimpinga, akasema kwamba wafalme wa magharibi wamegawanyika wala hawatakuja kamwe, na kwamba kijana mwingine, Iskandari, aliishinda dunia kwa jeshi dogo kuliko hili. Sultani alimsikiliza Zaganos. Siku ya Jumatatu, tarehe 28 Mei, kambi ilikaa kimya kwa mapumziko na dua. Na jioni yake, ndani ya Hagia Sophia, Wayunani na Walatini, yaani Wakristo wa kanisa la Magharibi, waliokuwa wakigombana miezi yote ile, walisali pamoja, wakaombana radhi.

Shambulio lilianza usiku wa manane, kuamkia Jumanne tarehe 29. Walitangulia askari wa kujitolea, wakafuata wa Anatolia, kisha, walinzi walipokuwa hawana pumzi, wakaja Janisari, askari wateule wa Sultani, safu kwa safu kwa ngoma na zumari. Hata hapo ukuta ulishikilia. Kisha Giustiniani alijeruhiwa vibaya, akataka kupelekwa merikebuni. Kaisari alimsihi abaki, hakuweza. Watu wake walipomwona akitolewa walikata tamaa, wakamfuata, na katika ghasia ile Janisari wakaupanda ukuta. Konstantinos alivua alama za enzi yake, akaingia katikati ya mapigano kama askari yeyote, wala hakuonekana tena akiwa hai. Giustiniani alifariki siku chache baadaye, akiwa amepelekwa Chios.

Mji uliporwa kwa desturi ya vita vya zama zile; wengi waliuawa na maelfu walichukuliwa mateka, na hapana sababu ya kuyapamba mambo hayo. Mehmed, ambaye tangu hapo ameitwa al-Fatih, aliingia mjini, akaenda moja kwa moja hata Hagia Sophia, akaamuru iwe msikiti, na sala ya Ijumaa ikasaliwa humo tarehe 1 Juni. Halil Pasha aliuzuliwa akauawa. Lakini Sultani hakutaka kutawala magofu: alileta watu kutoka kila upande wa nchi zake, Waislamu, na Wakristo, na Mayahudi, wajenge na wafanye biashara; na mwezi wa Januari 1454 aliwawekea Wayunani Patriarki, mkuu wa kanisa lao, naye ni Gennadios, mwanachuoni aliyekuwa kinara wa kuupinga muungano na Roma. Na juu ya kaburi ambalo sheikh wake, Akşemseddin, alilitambua kuwa la Abu Ayyub al-Ansari, ukajengwa msikiti ambao hadi leo huzuriwa na watu wasiohesabika.

Habari zilifika Venezia tarehe 29 Juni, mwezi mmoja kamili baada ya mji kutwaliwa. Barua ilisomwa mbele ya baraza, na watu wakalia kwa sauti, kwa maana wengi walikuwa na ndugu na mali huko. Merikebu walizoziandaa kwa ajili ya kumwokoa kaisari zilikuwa bado zi katika bahari ya Aegea. Mjumbe wao alipelekwa kwa Sultani, na tarehe 18 Aprili 1454 Jamhuri ya Venezia ilitia saini mkataba naye, wa amani na biashara, na wafanyabiashara wake wakarejea Stambuli kufungua maduka yao.